Barua Inayosubiri Saini: Shajara ya Mradi wa Lango la Huduma Chuoni Mbeya, Mei hadi Desemba

Mei, wiki ya tatu

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu ya lango, yaani tovuti ambayo wanafunzi wataombea huduma za chuo, tulikubaliana kutumia wiki mbili kukaa ofisini na kuangalia kazi inavyofanyika. Mwenzangu anayeshughulikia hifadhidata alipangiwa dirisha la mhasibu, mimi nikapangiwa masijala, ofisi inayotunza barua na majalada, na tukachagua barua moja tu ya kuifuatilia: barua ya utambulisho, ambayo mwanafunzi huihitaji ili apokelewe kwenye mafunzo kwa vitendo katika halmashauri, hospitali au kiwanda. Ni barua ya aya mbili. Jina, namba ya usajili, programu ya masomo na tarehe za mafunzo ndivyo vitu pekee vinavyobadilika kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine.

Safari ya barua hiyo ni hii. Mwanafunzi huleta maombi kwa mkono. Masijala huyagonga muhuri wa kupokelewa, huyaandika kwenye rejesta na kuyatia kwenye jalada. Jalada hupelekwa kwa Msajili, ambaye huandika dokezo la kulielekeza kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara huthibitisha kwamba mwanafunzi ni wake. Jalada hurudi kwa Msajili, huteremka kwa katibu muhtasi ili barua ichapwe, hupanda tena kwa Msajili ili isainiwe, na mwisho masijala huipa kumbukumbu namba na kuigonga muhuri wa chuo. Nilipima kwa saa ya mkononi. Kazi yenyewe ya mikono, kuanzia kuandika rejesta hadi kuchapa, haikufika nusu saa, lakini barua ilitoka siku ya tisa. Muda uliobaki jalada lilikuwa limelala kwenye trei ya ofisi moja au nyingine, na siku nne kati ya hizo Msajili alikuwa Dodoma kikazi.

Nimeliandika hili mwanzoni kwa sababu andiko la mradi, ambalo mimi mwenyewe nilishiriki kuliandaa, linadai kwamba tatizo letu ni upungufu wa vitendea kazi na mwendo wa polepole wa watumishi. Nilichokiona si hicho. Katibu muhtasi anachapa haraka kuliko mimi, na mama wa masijala hajawahi kunichelewesha hata mara moja. Kinachochelewa ni karatasi iliyokaa ikisubiri mtu aliyesafiri.

Jambo la pili nililojifunza masijala ni uzito wa herufi M. Msomaji wa mkoa mwingine huenda asilifahamu: majina ya ukoo ya Wanyakyusa, Wandali na majirani zao wengi huanza na Mwa–, kwa hiyo kupanga majalada kwa alfabeti hapa Mbeya ni sawa na kutoyapanga. Herufi zote za kabla ya M zinatoshea kwenye makabati manne. M peke yake ina matatu, na droo moja haifungi. Nilimuuliza mama wa masijala anapataje jalada humo ndani. Akanijibu, "Mwanangu, ukinitajia jina tu, nami nitakuuliza ni wa Busokelo au wa Ileje." Yaani hutafuta kwa sehemu mtu anakotoka; faharasa imo kichwani mwake, na mwakani anastaafu.

Juni, wiki ya pili

Baridi imeshika kasi na ofisi yetu haina jua hadi saa nne. Tumekamilisha toleo la kwanza la lango. Mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili na nywila, anachagua barua anayoitaka, anajaza fomu, na maombi yanapita kwenye hatua zilezile tulizoziona masijala: Msajili, mkuu wa idara, Msajili, katibu muhtasi, Msajili. Tuliona ni heshima kwa utaratibu uliopo kutobadilisha kitu. Tulijaribu na idara mbili.

Juni, wiki ya nne

Jaribio limeshindwa, na ni vizuri niandike sababu kabla hatujaanza kuisingizia intaneti.

Maombi sasa yanafika mezani kwa mkuu wa idara papo hapo, kisha yanakaa hapo kwa siku zilezile yalizokuwa yakikaa zamani. Trei ya mbao tumeigeuza kuwa trei ya kioo. Baya zaidi, trei ya mbao ilikuwa na faida moja ambayo hatukuithamini: ikijaa, kila anayeingia ofisini anaiona, na mwenyewe huona aibu. Maombi yaliyorundikana ndani ya mfumo hayamwaibishi mtu.

Katika idara mojawapo tulikuta utaratibu ambao hatukuubuni sisi. Kila asubuhi katibu muhtasi anafungua lango, anachapa kwenye karatasi maombi yote mapya, anayapeleka kwa mkuu wa idara, mkuu anayasaini kwa kalamu, kisha katibu anayaskani na kuyapakia tena kwenye mfumo kama kiambatisho. Kazi imeongezeka, na rimu za karatasi nazo zimeongezeka. Sikumlaumu mkuu huyo. Tulimpa kitufe kilichoandikwa "Nimeidhinisha" bila kumweleza kwamba kitufe hicho kinaweza kubeba uzito wa saini yake, na mtu aliyezoea kuwajibika kwa wino hawezi kuwajibika kwa kitufe kwa sababu tu kijana wa TEHAMA amesema hivyo. Tulipaswa kwenda kwake tukiwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, na kumwonyesha kwamba mfumo unaandika nani aliidhinisha, lini, na kutoka kwenye akaunti ipi.

Naongeza kwa pembeni kwamba hoja ya "sisi wazee hatuwezi kompyuta" siipokei tena. Wote walioitoa kikaoni wanafungua hati zao za mshahara mtandaoni bila kumwita mtu. Mfumo unaompa mtumiaji kitu anachokihitaji hujifunzwa. Wetu ulikuwa unamwomba tu.

Julai, wiki ya pili

Kikao kirefu kuliko vyote. Tulichora hatua zote za barua ubaoni, na mbele ya kila saini tukauliza swali moja: saini hii inathibitisha nini ambacho chuo hakikijui tayari?

Saini ya mkuu wa idara ilikuwa ya kwanza kuanguka. Anathibitisha kwamba mwanafunzi amesajiliwa katika idara yake, lakini ili athibitishe humtuma katibu wake akaangalie kwenye mfumo wa usajili, mfumo uleule ambao lango linausoma. Tulikuwa tunamuuliza binadamu swali ambalo jibu lake analipata kwetu. Dokezo la kwanza la Msajili nalo lilikuwa la kuelekeza tu, na kompyuta inajua kuelekeza.

Msajili hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Alitaka kujua nani atamzuia mwanafunzi aliyeahirisha masomo, au mwenye shauri la nidhamu, asijichukulie barua usiku wa manane na kwenda nayo kwenye ofisi ya watu akiwa na jina la chuo. Jibu tulilokubaliana ni kwamba saini ihamie kwenye kanuni. Msajili anaidhinisha mara moja, kwa maandishi, masharti ya kutoa barua ya utambulisho: mwanafunzi amesajiliwa katika muhula husika, hana zuio lolote katika akaunti yake, na programu yake ina mafunzo kwa vitendo katika kipindi hicho. Anayetimiza masharti hupata barua bila kumsubiri mtu. Anayekwama kwenye sharti mojawapo, maombi yake huenda kwa ofisa aliye hai, pamoja na maelezo ya sharti lililomkwamisha. Kwa njia hiyo Msajili anabaki na yale machache yanayohitaji akili yake.

Kwa maombi ambayo bado yanahitaji saini ya mtu tumeweka ukaimishaji: ofisa akisafiri, anamtaja kaimu wake ndani ya mfumo kabla ya kuondoka, na ombi lililokaa siku moja ya kazi bila kuguswa huhamia kwa kaimu lenyewe. Hili ndilo lililopingwa kuliko yote. Lilipita kwa sababu ya ukurasa mmoja niliouongeza usiku wa kuamkia kikao, unaoonyesha ombi gani liko kwa nani na kwa siku ngapi. Aibu ya trei imerudi.

Agosti, wiki ya kwanza

Barua za kawaida sasa zinatoka dakika ileile mwanafunzi anapoomba, zikiwa na kumbukumbu namba na alama ya QR. Anayeipokea akiielekezea simu, anafikishwa kwenye ukurasa wa chuo unaothibitisha kwamba barua ni halali. Tulijipongeza kwa siku tatu.

Siku ya nne mwanafunzi alipiga simu akiwa mbele ya ofisi ya halmashauri moja ya nyanda hizi, ambayo sitaitaja, akisema wamemrudisha kwa kuwa barua yake "haina muhuri wala saini ya wino". Tulimwelekeza ofisa wa pale aielekeze simu yake kwenye alama ile. Akasema hana bando. Hoja yake ilikuwa fupi na sikuwa na jibu lake: yeye ataitia barua ile kwenye jalada, mkaguzi atalifungua jalada baada ya miaka miwili, na mkaguzi hutafuta muhuri.

Tumerudi nyuma hatua moja kwa makusudi. Anayetaka muhuri anachapa barua yake na kupita kwenye dirisha la masijala, ambako anagongewa papo hapo bila jalada kufunguliwa. Aidha tumeandika ukurasani, kwa maneno makubwa, namba ya simu ya mezani ya masijala ili asiye na bando apige na kuuliza. Mwanzoni nililiona hili kama kushindwa. Sasa sioni hivyo, kwa maana lango letu linaishia kwenye geti la chuo lakini barua zetu zinasafiri hadi Ludewa.

Agosti, wiki ya nne

Malipo. Chuo chetu ni cha umma, kwa hiyo fedha zote hupita kwenye Mfumo wa Serikali wa Malipo ya Kielektroniki, GePG: mwanafunzi anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na analipa benki, kwa wakala au kwa simu. Hilo lilikuwepo kabla yetu. Kilichokuwa hakipo ni namba hiyo kupatikana bila foleni. Mwanafunzi alikuwa akipanga mstari kwa mhasibu ili apewe namba, anakwenda kulipa, kisha anarudi kwenye mstari uleule na nakala ya risiti ya benki ili malipo yake "yaingizwe", ilhali taarifa ya malipo ilikwisha kufika chuoni yenyewe.

Sasa namba inatolewa na lango, na malipo yakipokelewa salio la mwanafunzi hubadilika bila mtu kuligusa. Foleni ya dirisha la mhasibu imepungua kiasi kwamba mhasibu mmoja amehamishiwa kwenye usuluhishi wa hesabu, yaani kulinganisha vitabu vya chuo na taarifa za benki, kazi iliyokuwa na viporo vya muda mrefu.

Tulikosea jambo moja. Ankara ya ada tuliiweka ilipwe kwa mkupuo, kiasi kamili, na mfumo ukawa unakataa pungufu. Ndani ya siku mbili wazazi walianza kupiga simu. Mzazi wa Kyela hulipa kadiri mpunga unavyouzika, wa Rungwe kadiri wanunuzi wa parachichi wanavyopita, na wa Makete hungoja viazi. Hakuna anayetembea na ada nzima. Tulibadilisha ankara ziruhusu malipo ya kidogo kidogo chini ya namba ileile, na kwenye salio tukaongeza maneno "bado unadaiwa", kwa sababu tarakimu yenye alama ya kutoa mbele yake ilisomeka na wengi kama akiba.

Septemba

Mwezi huu wote umekwenda kwenye usafi wa taarifa, kazi isiyoonekana na isiyo na picha ya kuweka kwenye ripoti.

Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na majina mawili kwenye cheti cha Baraza la Mitihani, matatu kwenye kitambulisho cha Taifa, na ya mpangilio mwingine kwenye akaunti ya benki. Mwa– inaandikwa pamoja mahali pengine na pengine inaachwa nafasi. Tumeamua kwamba jina la chuo ni lile la cheti cha kidato cha nne au cha sita alichodahiliwa nacho, na asiyeridhika alete hati ya kubadili jina. Lango halina kisanduku cha kujirekebishia jina, na halitakuwa nacho. Katika kutafuta, tumeacha kabisa kutegemea majina. Ukiandika "Mwa" mfumo unakuomba namba ya usajili, nami nilifurahi kumwonyesha mama wa masijala ujumbe huo.

Kosa letu lingine lilikuwa dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo, huichapa ikiwa na vistari katikati. Kisanduku chetu kilikubali tarakimu 20 tu bila vistari, na kikamjibu kila aliyenakili namba yake kama ilivyo: "Taarifa si sahihi." Hakikusema kilichokosewa. Wanafunzi walikuja ofisini wakiamini kwamba vitambulisho vyao vina kasoro. Rekebisho lilikuwa la mstari mmoja: mfumo uondoe vistari wenyewe.

Novemba, wiki ya kwanza

Usajili wa mwaka wa kwanza. Seva ilielemewa siku ya mwisho, kama inavyoelemewa kila mahali siku ya mwisho. Kilichosaidia si mashine mpya bali kugawa tarehe za mwisho kwa vitivo na kupunguza uzito wa ukurasa, ambao ulikuwa ukimlazimu mwanafunzi apakue picha kubwa ya jengo la utawala kila anapoingia. Picha tumeiondoa. Aliyeipiga hajafurahi.

Radi ya mvua za kwanza iliunguza ruta ya jengo la utawala na tukakosa mtandao wa ndani kwa siku moja, lakini wanafunzi waliendelea kujisajili kwa sababu seva haiko tena jengo hilo. Sitalirefusha hilo.

Ninalotaka kulirefusha ni steshenari. Nilipokuwa nikikagua akaunti mpya niliona namba moja ya simu ikiwa imesajiliwa kwa wanafunzi zaidi ya arobaini. Nilidhani ni hitilafu. Nikaifuatilia, ikanifikisha kwenye kibanda cha steshenari nje ya geti, ambako kijana mwenye kompyuta mbili anawajazia wanafunzi wapya fomu ya usajili kwa malipo, na anaweka namba yake mwenyewe na baruapepe yake mwenyewe ili mambo yaende haraka. Nywila za wanafunzi wote hao ziko kwenye daftari lake. Si mwizi, ni mtu anayefanya kazi tuliyoiacha wazi. Foleni niliyojivunia kuiondoa dirishani haikuisha, ilihamia barabarani, na huko inalipiwa.

Wengi wa wanafunzi hao wana simu janja. Walikwenda steshenari kwa sababu lango liliwataka wapakie cheti kwa muundo wa PDF usiozidi ukubwa fulani, na simu zao zinapiga picha tu. Tumebadilisha: mfumo unapokea picha kama ilivyopigwa na kuipunguza wenyewe. Aidha namba moja ya simu haiwezi tena kufungua akaunti zaidi ya moja, na tumeweka meza tatu ukumbini zenye wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kuwasaidia wenzao bure. Wanafunzi waliosajiliwa steshenari tumewatumia ujumbe mfupi wabadilishe nywila. Karibu ujumbe wote ulikwenda kwenye simu ya yule kijana. Ilibidi tuwaite darasani mmoja mmoja.

Katika zoezi hilohilo tumeondoa kwenye mbao za matangazo orodha za wadaiwa zenye majina kamili. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na orodha zile zilikuwa bado zinabandikwa kwa mazoea.

Desemba, wiki ya pili

Kipindi cha mahafali ndicho kilichotupima kwenye fomu ya kutodaiwa. Zamani mhitimu alizunguka nayo maktaba, maabara, bweni, stoo ya michezo na uhasibu, akiomba kila ofisi ithibitishe kwamba hana deni. Ofisi ikiwa imefungwa, anarudi kesho, na nauli ya Chunya ni yake. Tumeligeuza jukumu. Ofisi inayodai ndiyo inayomwingiza mhitimu kwenye mfumo kabla ya tarehe iliyotangazwa, na ambaye hakuingizwa na yeyote anahesabiwa kuwa hadaiwi. Mtunza stoo ya michezo alilalamika kwamba jezi zake zitapotea. Nikamuuliza anayo orodha ya waliozichukua, akasema ataitafuta. Aliileta kabla ya tarehe, ikiwa kamili kuliko ya maktaba.

Transkripti, hati ya matokeo yote ya mhitimu, hatukuiondolea saini, na hili ni uamuzi wala si kiporo. Mhitimu anaiomba na kuilipia kupitia lango, na anaona imefikia meza ipi, lakini ofisa wa mitihani anailinganisha na matokeo yaliyopitishwa na Seneti na kuisaini kwa mkono. Wahitimu wanaihitaji haraka kwa sababu matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira hayapokei karatasi za matokeo ya muda; hata hivyo afadhali ichelewe siku mbili kuliko itoke na alama ya mtu mwingine. Saini hii inathibitisha kitu.

Kilichobaki ni majalada ya zamani. Kuskani si ruhusa ya kuchoma: Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ina utaratibu wake wa kuteketeza, na hatujauanza. Tutakachofanya Januari ni kuyapa majalada namba za usajili badala ya majina, mama wa masijala akiwa bado kazini wa kutuambia yupi ni wa Busokelo na yupi ni wa Ileje. Ameshaweka alama ya chaki kwenye droo anayotaka tuanze nayo, ile isiyofunga.